Utando Nyuma ya Kituo cha Maji

Ujumbe uliingia saa tatu na nusu asubuhi. Maneno matatu tu.

Fisi yumo zizini.

Maana yake mharibifu alikuwa ndani ya kituo cha maji. Ni nani, makao makuu hawakujua. Mashine zingewashwa saa nne kamili.

Sindano aliufuta ujumbe, akaifunika bastola yake ya Beretta kwa koti la mfagiaji, akaingia. Alikuwa na miezi miwili akijifanya mfagiaji hapa.

Ndani walikuwamo wawili. Fundi mashine, dada yake wa tumbo moja, aliyeamini mdogo wake anafagia kwa kukosa bahati. Na Mpimaji, mtaalamu mgeni wa maji, mpole mno, viatu safi mno.

Mmoja wao.

Akamtazama dada akikaza nati. Mkono ule ulimlea. Lakini kazi hii haijui undugu.

Akazunguka nyuma, kinamasi kilipogusa ukuta. Mafuta yalitanda juu ya maji, yanang'aa rangi saba. Dada alishayaona jana akaulizia. Mpimaji alimtuliza: majani yakioza, kinamasi hutoa gesi na mafuta yake ya asili. Awashe tu mashine.

Ni kweli. Vinamasi hufanya hivyo.

Sindano alikulia kando ya kinamasi. Akavunja tete, akauchoma ule utando. Utando wa majani yaliyooza huvunjika vipande kama kioo, na havirudiani tena.

Huu ulipasuka. Ukazunguka. Ukajifunga.

Petroli. Inavuja kutoka chini ya sakafu. Na mtaalamu wa maji asingekosa kuijua.

Akapiga simu.

"Ni Mpimaji. Ametega petroli chini ya mashine."

"Kikosi kitafika baada ya dakika kumi."

"Sina kumi."

Alipoingia, kidole cha dada kilikuwa kwenye swichi. Mpimaji alikuwa anaelekea mlangoni.

"Dada, usiwashe."

"Mfagiaji ananifundisha kazi siku hizi?"

"Basi awashe mtaalamu. Si amesema ni mafuta ya majani?"

Mpimaji akatabasamu, akasema hilo ni jukumu la fundi.

"Ni kubonyeza tu," Sindano alisema. "Karibu."

Mpimaji hakusogea. Jasho likamtiririka shingoni. Dada akamtazama, akatazama swichi, akaondoa kidole polepole.

Mpimaji akachomoa bastola.

"Piga," Sindano alimwambia, akimwendea. "Cheche moja, tunaondoka wote watatu."

Mpimaji akasita.

Ikamtosha Sindano. Kiwiko kikaingia kooni, pingu zikalia kwenye mikono yake.

Dada alikata umeme wa jengo zima kutoka boksi la nje, akarudi, akasimama mbele ya mdogo wake.

"Na mimi ulinishuku?"

"Ndiyo, dada."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nilipochoma utando."

Dada akapangusa mikono kwa kitambaa.

"Mwongo. Mpaka nilipoondoa kidole."

Sindano akainamisha kichwa. Ving'ora vilisikika mbali. Akavaa miwani ya jua, akamruka Mpimaji pale chini, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyemaliza zamu.