Korongo Thelathini wa Kanama

Languida wa Kanama huamka na kuku. Huwasha moto, huteleka viazi, kisha huenda kutazama shamba lake la bondeni.

Zamani, korongo taji wawili wakitua pale, aliacha jembe awatazame. Aliwaita wageni wake. Aliwatega watoto kitendawili: nani ana taji wala hana kiti?

Msimu huu walitua thelathini. Walifukua mbegu za mahindi mstari kwa mstari. Sasa aliwaita wezi.

Siku ya tatu alichanganya mahindi na dawa ya wadudu ndani ya beseni. Alipotoka nayo, alikutana na Donat, jirani anayehesabu ndege wa bonde hilo kila mwaka.

"Mama Languida, beseni iko na nini?"

"Chakula ya wageni."

Donat alisikia harufu ya dawa. "Na kuku yako itakula nini? Na mutu akiokota korongo yenye imekufa, akapika?"

Languida alitazama nyuma. Kuku wake watano walikuwa wanamfuata. Haraka akaifunika beseni kwa kitenge.

"Bon, sawa. Lakini wamezidi, Donat. Kwangu iko thelathini. Kwa Verediane thelathini. Kwa Rutagengwa thelathini. Hiyo ni tisini."

"Kwako iko korongo mwenye pete ya njano mguuni?"

"Iko. Anakuja asubuhi."

"Kwa Verediane anafika muchana. Kwa Rutagengwa, jioni. Ni hao hao, mama. Mabonde mengine watu walikata matete yote wakalima, ndege hawana pa kulala. Wote wamekuja kwetu. Ukiua hawa, hatuna wengine."

Languida alikaa chini, akacheka. "Kumbe mwizi ni mumoja, na kila nyumba inalia na wake."

Donat akamweleza. Korongo hutaka mbegu iliyopandwa karibuni. Mahindi yakishika mizizi, huyaacha, hula wadudu. Basi panda mbegu chini zaidi, linda shamba wiki tatu, na usikate matete ya ukingoni. Kisha akaibeba beseni, imefunikwa vile vile, akaipeleka kwa afisa wa kilimo.

Languida alipanda upya. Yeye na majirani zake, Verediane na Rutagengwa, walilinda kwa zamu, wakipiga bati.

Wiki ya nne Donat alipita. Mahindi yalifika magotini. Korongo walitembea katikati yake wakidonoa wadudu, na Languida alikuwa anapalilia kando yao.

"Mama, leo wamekuja wangapi?"

"Mi sijui. Nilikuwa nahesabu mahindi."