Duara Lisilo na Mlango

Asubuhi ya siku ya mwisho, Ailian alitoa kabichi zilizosalia kwenye mtungi wa chumvi, akazikamua, akazipika kwa mafuta ya nguruwe kama siku zote za baridi. Safu nzima ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chuma ilikuwa imehamwa. Maji yalikatwa Jumatatu, mabomba ya kupasha nyumba joto Jumanne. Kesho saa mbili asubuhi mashine za kubomoa zingeingia, na ambaye hangehama leo angepoteza fleti aliyopangiwa.

"Mama, twende basi," alisema Changhe, mwanawe, kwa mara ya kumi. "Gari la mizigo limeshaondoka. Tumebaki sisi na panya, na panya nao wanafunga virago."

"Siondoki bila baba yako."

Hilo ndilo lililomkaba roho. Baoshan, mumewe, alifia kiwandani miaka kumi na minane iliyopita, siku tanuri lilipofurika chuma cha moto. Hawakupata hata ukucha wa kuzika. Wakihama bila kumwambia, angerudi akakuta kifusi, akatangatanga milele.

"Baba alikuwa fundi, Mama, si bwege. Atauliza njia."

"Chunga mdomo wako. Chukua kiberiti."

Saa kumi jioni, jua la majira ya baridi likizama mapema, walikwenda njia panda, mahali ambapo kila familia huwachomea wafu wake pesa bandia za karatasi, wazitumie huko waliko. Desturi hata mtoto anaijua. Unachora duara chini. Unaliachia mlango, yaani mwanya, upande anakotokea mtu wako. Kisha unatupa karatasi moja nje kwa wafu wasio na wa kuwakumbuka, wasije wakadandia. Lakini siku hiyo upepo ulikuwa mbishi, kila kijiti kilizima. Mama na mwana wakachuchumaa kuukinga moto kwa migongo yao, na Ailian akachora duara kwa kipande cha mkaa juu ya barafu, likawazunguka wote wawili. Akaunganisha ncha kwa ncha. Karatasi ya nje hakuikumbuka.

"Baoshan!" akaita. "Tunahama! Jengo la tisa, ghorofa ya kumi na saba, mlango wa kushoto. Usichelewe, mume wangu!"

Moto ulipofifia wakaelekea barabara kubwa, mwendo wa dakika tano. Wakapita nyumba yao. Wakapita karakana. Wakapita nyumba yao tena.

"Tumepinda wapi?" Changhe alinong'ona.

"Hatujapinda."

Wakaongeza mwendo. Karakana. Nyumba yao.

Ndani ya nyumba tupu ya jirani, mtu alikohoa kile kikohozi kikavu cha vumbi la chuma. Kisha sauti ya mwanamume ikasema polepole, kama anayekariri asisahau: "Jengo la tisa."

Nyumba ya pili ikaitikia: "Kumi na saba."

Ya tatu: "Mlango wa kushoto."

Majirani walikuwa wamehama bila kuwaaga wafu wao. Sasa wafu hao walikuwa wamesikia pa kwenda.

"Mama, mbona hatutoki?" Changhe alikuwa analia, mwanamume wa miaka thelathini.

Ndipo Ailian alipokumbuka. Mlango! Alikuwa amejifungia na mwanawe ndani ya duara.

Wakakimbia hadi njia panda. Majivu bado yalikuwa mekundu. Ailian akasugua mstari kwa soli ya kiatu, pale pale aliposimama, mpaka ukafutika.

Kitu cha baridi kikampita begani. Kingine. Kingine. Harufu ya chuma na jasho. Hawakusukumana. Walipita kwa foleni, kama zamani zamu zilipobadilishana.

"Baoshan?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Foleni ikazidi kupita. Changhe akamshika mkono, akamvuta, na safari hii njia iliwafikisha barabara kubwa.

Asubuhi Ailian aliamka kwenye fleti mpya. Kutoka mlangoni, juu ya vigae vyeupe, kulikuwa na nyayo nyeusi za mabuti ya kazi, jozi baada ya jozi. Zote ziliingia. Hakuna iliyotoka.

Watu wengine wangepiga kelele. Yeye alipiga magoti. Baoshan mguu wake wa kushoto alikuwa akiuburuta, kwa hiyo alizikagua nyayo moja moja, akitafuta mburuto huo, mpaka chini ya kitanda. Haukuwapo.

Akaukumbuka upande ule alioufuta. Ulitazama nyumba za majirani. Kiwanda, alikotokea Baoshan, kilikuwa nyuma ya mgongo wake.

"Changhe! Piga simu wasimamishe mashine! Baba yako bado yuko kule!"

Changhe alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro robo.

Nyayo zile zimesuguliwa kwa magadi, kwa maji ya moto, hata kwa wembe. Ziko pale pale. Ailian halali kitandani siku hizi. Analala sakafuni karibu na mlango, na kila akiamka hupapasa vigae kwanza, kama kuna mguu ulioburutwa.