Karima Akataa Kufungua Lango

Kila Jumamosi asubuhi Karima alimsaidia mama yake, Mama Delphine, kupima maji ya bwawa la kuogelea, au pisini kama wanavyoliita huko, la hoteli moja mjini Kisangani. Alichota maji kwa kichupa, akadondosha matone matano ya dawa nyekundu, akatazama rangi. Njano ilimaanisha asidi imezidi. Rangi ya chungwa iliyokaribia waridi ndiyo nzuri: pH, kipimo cha asidi ya maji, kati ya saba nukta mbili na saba nukta sita. Jumamosi hiyo, siku ya mashindano ya kuogelea ya shule ambayo naye angeshiriki, maji yaligeuka zambarau.

"Mama, imepita nane!"

Mama Delphine alishusha pumzi. "Jana Tonton Moïse alimwaga unga wa klorini mwingi ili maji yang'ae. Unga ule unapandisha pH. Ikipanda hivi, klorini inalegea, haiui vijidudu vizuri, na macho yanawasha."

Tonton Moïse, meneja wa hoteli ambaye wote walimwita tonton, yaani mjomba, kwa heshima, alikuja mbio. Wanafunzi na wazazi walikuwa wamejaa nje ya lango.

"Bon, fungueni! Maji iko safi, naona mpaka chini."

Mama aliinamisha macho. Aliogopa kufukuzwa kazi. Karima hakuinamisha yake. Alikwenda akasimama mbele ya lango, mkono juu ya komeo.

"Sifungui, tonton."

"Mutoto gani huyu? Toka hapo!"

"Sitoki! Kama maji iko muzuri, ingiza uso wako, fungua macho, hesabu mpaka kumi na tano."

Kwa hasira Tonton Moïse alivua miwani, akapiga magoti ukingoni, akazamisha uso. Aliinua uso kabla hesabu haijafika kumi, macho mekundu, machozi yakimtiririka.

"Alors, tutangoja," alisema mzazi mmoja nje ya lango.

Mama Delphine alivaa glavu na miwani ya kazi. Alimwamuru Karima akae mbali, akamimina asidi kidogo ya kushusha pH ndani ya ndoo ya maji. "Asidi ndani ya maji," alisema, "kamwe si maji ndani ya asidi." Kisha aliimwaga polepole penye kina kirefu, pampu ikizungusha maji. Saa mbili zilipopita rangi ilikuwa bado waridi kali. Akaongeza kidogo. Saa tisa alasiri kichupa kilionyesha rangi nzuri, na klorini nayo ilikuwa imepunguzwa na jua. Karima mwenyewe alivuta komeo.

Katika mashindano alikuwa wa nne. Alipotoka majini akihema, Tonton Moïse alimpa taulo.

"Umenikasirisha sana, mwanangu," alisema, kisha akawageukia wanafunzi wote. "Lakini sikieni. Mimi niliangalia maji, yeye aliyapima. Anayejua ukweli asiufiche kwa kuogopa mukubwa. Kuanzia leo, kama Mama Delphine hajapima, hakuna mutu ataingia pisini hii. Hata mimi."