Sajenti na Dawa ya Kupe

Maneno ya Kiplimo yalikuwa yamemganda Chepchirchir kichwani kama utomvu wa ndizi kwenye nguo. Unasugua, unasuuza, unaanika, na doa liko palepale.

Kiplimo alikuwa jirani yao na mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita. Habari yenyewe aliipata kwenye kituo cha majani, pale wakulima wanapopeleka chai yao ikapimwe. Watu walikuwa wakisema kwamba mbwa mwenye kichaa amepita upande wa Roret akiuma mifugo. Tena, walisema, kichaa cha siku hizi hakingoji meno. Viroboto wa mbwa yule wanarukia paka, wanamwuma, na paka naye anapata wazimu.

"Sajenti wenu si anajikuna kila saa?" Kiplimo alimwuliza Chepchirchir mbele ya wenzao walipokuwa wakitoka shuleni. "Siku akianza kubweka, mtuite tuone!"

"Afadhali paka anayejikuna kuliko mtu anayekimbia maji ya kuoga," Chepchirchir alimjibu.

Wote waliangua kicheko, na safari hii Kiplimo ndiye aliyechekwa. Lakini Chepchirchir alipofika nyumbani hakucheka. Alimtafuta Sajenti, akamlaza mapajani na kuyapekua manyoya yake. Ni kweli. Viroboto walikuwemo, wakikimbia huku na huku kama watu waliofumaniwa.

Sajenti alikuwa paka dume wa kijivu, mwenye mistari mitatu myeupe kwenye mguu wa mbele, ndiyo sababu Baba alimpa cheo hicho. Kazi yake ilikuwa kulinda ghala la mahindi. Kabla hajaja, panya walikuwa wakila kwanza, watu wakala yaliyobaki. Baada ya yeye kuja, Mama alisahau hata sura ya panya. Jioni alikuwa akilala karibu na jiko, kichwa chake juu ya mguu wa Chepchirchir, akikoroma taratibu. Usiku huo Chepchirchir alimtazama akijikuna, na kila alipojikuna, aliyakumbuka maneno ya Kiplimo. Aliona haya kumwuliza Mama. Aliona kwamba akiuliza, Mama ataogopa na kumfukuza Sajenti.

Jumamosi asubuhi Baba aliwaingiza ng'ombe kwenye krashi, ule ujia mwembamba wa miti, akawanyunyizia dawa ya kupe kama alivyozoea. Siku zote akimaliza, humwaga masalio shimoni, huosha pampu, na huifungia chupa stoo. Siku zote pia huwaambia watoto, "Hii si maji. Asiiguse mtu ambaye sijamtuma." Lakini siku hiyo alipigiwa simu kwamba kuna mtamba mzuri anauzwa Siongiroi, na asipoharakisha atachukuliwa na mwingine. Akaifungia chupa stoo, lakini pampu yenye masalio akaiegemeza kwenye ukuta wa zizi, akanawa, akaondoka mbio. Mama alikuwa ameshaingia shambani kuchuma chai, kikapu mgongoni.

Chepchirchir alibaki akiitazama ile pampu. Alijua kabisa ameshakatazwa. Lakini uvumi una sauti kubwa kuliko ya mzazi, hasa mzazi asipokuwepo. "Dawa inayoangusha kupe, wagumu vile," aliwaza, "itashindwaje na viroboto? Na ng'ombe hawafi. Ng'ombe wanapona."

Akamimina kidogo kwenye kopo, akachovya kitambaa, akamshika Sajenti. Alimpaka tangu shingoni hadi mkiani, akamgeuza, akampaka na tumboni. Sajenti alilia na kujinyonganyonga. Alipoachiliwa alikimbilia chini ya ghala, akaanza kujilamba ili ajikaushe, kama paka wote wafanyavyo. Chepchirchir alificha kopo, akaenda kuosha vyombo akiimba. Alihisi ameokoa maisha.

Baada ya muda alipangusa jasho usoni, na shavu lake likaanza kuwasha na kuchoma kama limeguswa na upupu. Hakujali. Alichojali ni ule mlio. Ulitoka chini ya ghala, mlio mzito ambao hakuwahi kuusikia kwa Sajenti.

Paka alitoka akiyumba. Masikio yalikuwa yakirukaruka yenyewe. Miguu ilitetemeka, mate yakamtoka yakawa uzi mrefu, kisha yakawa povu. Akaanguka ubavu, akajaribu kuinuka, akaanguka tena.

Mama, aliyekuwa anarudi na kikapu kilichojaa majani, alikitupa chini akakimbia. "Wui! Sajenti! Nini?" Alimwinua kabla ya kufikiri. Paka alitupa miguu kwa mtetemo, na makucha yakachora mstari mwekundu kwenye mkono wa Mama. Ndipo Mama alipoliona povu. Akamwacha aanguke, akarudi nyuma, uso umembadilika rangi. Hata yeye alikuwa amelisikia lile neno la kituoni.

"Chepchirchir! Usimguse! Rudi nyuma! Mungu wangu, ni kile kichaa!"

Kelele zilivuka ua. Baba yake Kiplimo alifika na rungu mkononi.

"Mama Chepchirchir, simama kando," alisema. "Hiyo mate ndio ugonjwa yenyewe. Wacha nimalize hii maneno mara moja, kabla iume mtoto."

"Ngoja, Baba Kiplimo. Nimpigie daktari wa mifugo kwanza."

"Paka ni paka. Watoto ndio watu."

"Najua. Lakini ngoja."

Daktari Wamuyu alikuwa na kliniki ya mifugo Litein, na ndiye aliyekuwa akiwatibu ng'ombe wao. Mama aliifungua simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Daktari, paka ametoa povu! Anatetemeka! Na amenikwaruza!"

"Pole sana, Mama. Sikiza. Wote warudi nyuma. Huo mkwaruzo uoshe sasa hivi kwa sabuni na maji mengi, osha kwa muda mrefu, usiharakishe. Halafu leo hii uende hospitali, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Daktari."

"Sasa nijibu vizuri. Kuna sumu yoyote amekula au kugusa? Ya panya? Ya kupulizia magugu? Dawa yoyote?"

"Hakuna. Sumu ya panya sisi hatuweki, ndiyo maana tunafuga paka."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu, hakuna."

"Basi kama hakuna sumu, itabidi tumhesabu kuwa ana kichaa cha mbwa. Sina habari njema kwa huyo paka, Mama. Na wote waliomgusa itabidi wachanjwe."

Baba Kiplimo alikohoa, akaliweka rungu sawasawa.

Chepchirchir alisimama kama mti. Akisema, Baba atajua ameigusa dawa, na Baba akikaidiwa huadhibu. Asiposema, hakuna atakayejua. Kopo lilikuwa limefichwa. Rungu lingeshuka mara moja, na siri ingezikwa pamoja na Sajenti.

Akamtazama Mama. Mama alikuwa ameinama kwenye ndoo, akijimiminia maji mkononi. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu polepole. Chepchirchir alisikia jina lake mwenyewe. Mama alikuwa anaomba. Alikuwa anamwomba Mungu amtunzie binti yake, kama mtu anayeaga.

"Ni mimi!" Chepchirchir alipiga kelele. "Baba Kiplimo, usimpige! Si kichaa. Ni mimi nimempaka dawa ya ng'ombe!"

Rungu lilisimama hewani.

"Umesema nini?" Mama aliuliza.

"Dawa ya kupe. Nimempaka mwili mzima. Nilitaka viroboto wafe ili asipate wazimu." Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni.

Sauti ya Wamuyu ikatoka kwenye simu, na sasa ilikuwa ya haraka. "Nani huyo? Binti, usilie kwanza. Nenda ulete chupa ya dawa."

"Imefungiwa stoo, Daktari."

"Iko rangi gani? Imeandikwa nini?"

Chepchirchir alikuwa amewahi kuisoma Baba alipokuwa akiichanganya. Alilitaja jina lake. Wamuyu akavuta pumzi.

"Hiyo. Mwili wa ng'ombe unaivumilia. Wa paka hauwezi kuivunja, na kila akijilamba anajiongezea. Mama, vaa mifuko ya plastiki mikononi. Mkunje kwenye gunia, kichwa kiwe nje. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umkaushe, umfunike apate joto, umlete. Haraka!"

"Nimpe maziwa kwanza? Maziwa si yanaua sumu?"

"Hapana! Mnyama anayetetemeka hawezi kumeza vizuri. Maziwa yatamwingia mapafuni, ndiyo yatakayomuua. Usimpe chochote."

Mama akaweka chini kikombe alichokuwa ameshakishika. Baba Kiplimo alilitupa rungu nyuma ya ua. "Karibu niue askari wa watu," alinong'ona, na akaenda kuwasha pikipiki yake.

Walimwosha, wakamkausha kwa leso kuukuu, wakamtia kwenye katoni. Njia nzima hadi Litein Chepchirchir aliishikilia katoni ile, akihisi mtetemo wa Sajenti ukipita mbavuni mwake. Wakati mwingine ulitulia, naye alijikuta anauombea urudi.

Wamuyu alikuwa akiwangoja mlangoni. Alimdunga Sajenti sindano ya kutuliza mtetemo, akamwosha tena, akamtundikia maji. Kisha akamgeukia Chepchirchir.

"Shavu lako limefanyaje?"

"Linachoma."

"Na ulinawa mikono kabla ya kujishika?"

Chepchirchir alitikisa kichwa kwamba hapana. Wamuyu alimpeleka kwenye bomba, akamsimamia mpaka akanawa mikono na uso vizuri. "Ukifika nyumbani ubadilishe hiyo nguo, ifuliwe peke yake. Ukisikia kizunguzungu au kutapika, hospitali. Wewe nawe una mwili, si paka tu."

"Daktari," Chepchirchir aliuliza kwa sauti ndogo, "ni kweli viroboto wanaleta kichaa?"

"Nani alikuambia?"

"Watu wa kituoni."

"Watu wa kituoni wanajua kupima majani. Kichaa cha mbwa kinakuja kwa mate ya mnyama mgonjwa, akikuuma au yakiingia kwenye kidonda. Viroboto wanawasha tu. Dawa yao ya paka iko hapa kabatini. Ungeuliza tu."

Paka alilala kliniki. Mama alitoka hapo akaenda hospitali ya karibu, na daktari wa huko alikubaliana na Wamuyu: Sajenti hakuwa amechanjwa hata siku moja, kwa hiyo Mama asibahatishe. Alipewa sindano ya kwanza na tarehe za kurudi.

Baba aliporudi jioni alielezwa yote, na aliyeeleza ni Chepchirchir mwenyewe. Alisubiri kuadhibiwa. Baba alikwenda kwanza akaifungia pampu stoo.

"Nilikukataza, ukakaidi," alisema mwishowe. "Kwa hilo, utafagia zizi mpaka nitakapokuambia. Lakini pampu niliiacha mimi. Kukataza kwa mdomo bila kufunga mlango si kukataza. Hapo tumekosa wawili."

Jumapili, baada ya kanisa, Wamuyu alipiga simu. Mtetemo umeisha. Sajenti amekula samaki kidogo, amemkwaruza msaidizi wa kliniki aliyevaa glavu, na sasa analalamika kama mwenye nyumba. Chepchirchir alicheka huku akilia, akashindwa kujua anafanya lipi.

Siku chache baadaye Sajenti aliletwa nyumbani akiwa bado mlegevu, miguu ya nyuma ikimsumbua. Alikaa siku kadhaa bila kuonyesha dalili za ugonjwa mwingine, ndipo akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Watoto wa jirani walikuja kumwona, Kiplimo akiwa mbele.

"Kumbe ni uongo wa kituoni," Kiplimo alisema akijikuna kichwa. "Na mimi ndiye niliyeusambaza."

"Wewe ulisema tu. Aliyeamini bila kuuliza ni mimi," Chepchirchir akamjibu.

Mama aliwaita wote wakae kwenye nyasi. Kovu jembamba lilikuwa bado mkononi mwake.

"Nimesoma mpaka la nane tu," alisema, "lakini hili nimelisoma kwa ngozi yangu. Binti yangu alikosea mara mbili. Mara ya kwanza hakujua, akatenda. Mara ya pili alijua, akanyamaza. Kosa la kutojua lilimwangusha Sajenti. Kosa la kunyamaza lingemmaliza, nami ningeishi nikihesabu siku za kufa bure. Daktari hana macho ya kuona kopo lililofichwa. Anaona kile tunachomwambia. Mtoto anayesema kweli akiwa anatetemeka ni jasiri kuliko mwenye rungu. Wala simsemi mtu hapa."

Baba Kiplimo, aliyekuwa akipita na nyasi za ng'ombe, alicheka. "Nimesikia, Mama Chepchirchir. Nimesikia!"

"Basi na nyinyi msikie," Mama akasema. "Mambo ya kuepuka ni haya, na mkayaseme nyumbani kwenu:

Usimpake paka wala mbwa dawa ya ng'ombe, hata tone.

Usiguse pampu wala chupa ya dawa ya shamba, hata ikiachwa wazi.

Usijishike uso wala kula kabla ya kunawa kwa sabuni.

Usimshike kwa mikono mitupu mnyama anayetoa povu. Ita mtu mzima.

Usimlazimishe mnyama anayetetemeka kunywa maziwa, maji wala mafuta.

Usidharau mkwaruzo wala kuumwa. Osha kwa sabuni na maji mengi, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Usikae na paka au mbwa asiyechanjwa.

Usiamini habari ya kituoni kabla ya kumwuliza anayejua.

Na ukikosea, usifiche. Hata kidogo. Hata kama unaogopa."