Bibi wa Watu Wote

Tarni na Lyle walikutana kwenye foleni ya samaki, soko kuu la Adelaide, Australia, Jumamosi watu wamejaa tele. Tarni alivaa gauni la manjano. Lyle alivaa jezi ya timu ambayo kwao Tarni haitajwi mezani. Tarni akamuuliza kama nguo nyingine zote zimeungua. Lyle akajibu kwamba mrembo akimsema hivyo, yuko tayari kuvaa hata pazia. Hivyo ndivyo mambo makubwa ya dunia huanza.

Wakawa wanapigiana simu kila jioni. Mpaka siku Lyle alipougua mafua, akasema anatamani mkate wa kuokwa majivuni wa bibi yake, Bibi Ivy wa kule rasini, aliyemlea.

Tarni akakata simu. Bibi Ivy alikuwa mama mzazi wa baba yake Tarni.

Tangu hapo simu ya Lyle ikawa inaita bure. Kwao, wenyeji wa asili wa nchi ile, kumpenda binamu si jambo la kuchekewa, na kuliuliza kwa simu Tarni aliona aibu. Mwishoni akapanda basi kwenda kwa Shangazi Coral, bintiye Bibi Ivy, anayeongoza wageni katika hifadhi ya pwani kulikobaki marundo ya magamba ya kome walioliwa na wazee wa kale.

Alipofika getini akamkuta Lyle kakaa juu ya gari lake, kangaruu wawili wanamkodolea macho. Lyle alikuwa ameelekezwa na mwenzake Tarni wa chumba.

"Kama umenichoka, sema," Lyle akasema. "Hata huyu kangaruu kanisalimia."

"Sijakuchoka. Naogopa wewe ni binamu yangu."

Lyle akaruka chini, kama mtu aliyekalia siafu.

Shangazi Coral akatokea, kofia pana, mikono kiunoni. Desturi yake haivunjwi: haingii mtu mpaka yeye awaite wazee wa kale kwa sauti, awaambie ni mtoto wa nani anayekuja.

"Mama yako nani, mwanangu?" akamuuliza Lyle.

"Doreen. Tulikaa nyumba ya pili kutoka kwa Bibi Ivy. Mama akienda kazini, mimi nashinda kwa Bibi."

Shangazi akafumba macho. Upepo ukavuma, emu akapita kwa maringo, hakuna aliyemtazama. Tarni alikuwa ametafuna kamba ya mkoba wake hadi ikalowa.

"Doreen alihamia kutoka jangwani, tumbo likiwa kubwa," Shangazi akasema. "Si damu yetu. Na mama yangu Ivy alimlisha kila mtoto wa rasi ile. Wote walimwita Bibi, hata mtoto wa polisi."

Tarni akacheka, kisha akalia, kisha akamkanyaga Lyle mguu kwa kumtia wasiwasi wote ule. Lyle akamshika mkono.

"Achia," Shangazi akasema. "Nimemaliza upande wa mama. Baba yako je?"

Mkono ukaachiwa upesi.

"Mgiriki, Shangazi. Mvuvi wa jodari."

Shangazi Coral akakunja uso, akahesabu kwa vidole, kana kwamba anaipitia Ugiriki yote nyumba kwa nyumba. Kisha akageukia vichaka na bahari, akawaita wazee kwa sauti kubwa, akawaambia Tarni amerudi, na kwamba amekuja na mchumba wake.

Lyle hakuwa amechumbia mtu. Lakini alishatangazwa kwa wazee, na wakati huu Tarni ndiye aliyemshika mkono.