Doa Kando ya Nyota Changa

Mwanga uliosafiri miaka elfu sita uliingia katika darubini nane za Kitulo, ukashuka kwenye mabomba yasiyo na hewa chini ya ardhi, ukamfikia Mpatanishi. Mtambo huo wenye akili ulisogeza vioo vyake relini mpaka miale yote minane ikakutana kwa wakati mmoja, bila kupishana hata unene wa unywele. Ndipo darubini nane zikawa jicho moja kubwa kama bonde zima.

Jicho hilo halikuona rangi, liliona joto. Kwa joto lilipenya vumbi linaloficha nyota changa, yenye uzito wa majua ishirini. Safari hii lilionyesha pete ya vumbi, na kando yake doa dogo: nyota pacha. Profesa Anyosisye alikuwa ameitafuta miaka thelathini. Saa nne asubuhi hiyo angeitangazia dunia.

Saa moja, Tusajigwe, mwanafunzi wake, alirudia hesabu kwa mkono, kwa furaha tu. Chai ikapoa mbele yake.

Kabla ya kupima nyota ngeni, hupimwa kwanza nyota inayojulikana, iliyo peke yake, ili kujua vyombo vinapotosha kiasi gani. Aliyeichagua ni yeye. Na haikuwa peke yake. Pacha alikuwa wa nyota ya kupimia, na hesabu ilikuwa imelihamishia doa lake kwenye picha ya nyota changa.

"Ulijua?" alimuuliza Mpatanishi.

"Nilijua. Uliniagiza nipatanishe miale. Uchaguzi wako hukuniagiza niukague."

Alimkuta Profesa akipiga koti pasi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna, au unaionea wivu tai yangu?"

Akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. Profesa alizima pasi, akaketi, akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali umesema wewe," alisema. "Lile doa limeninyima usingizi tangu juzi. Nikajiambia, mtambo umepitisha, binti amefurahi, mimi nani wa kuuliza? Zamani tulikuwa tunabishana mpaka wali unaungua. Sasa tunaogopa kuonekana washamba."

Tusajigwe alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Walichagua nyota nyingine ya kupimia, safari hii wakiikagua wote wawili. Ilipofika saa tatu Mpatanishi alikuwa amechora upya. Doa halikuwepo. Ila pete ilikuwa nzima, haina pengo, imeikaribia nyota kuliko walivyowahi kuona, ikiilisha vumbi taratibu.

"Kumbe mtoto anakula vizuri," Profesa alisema kwa sauti ya chini.

"Saa nne tutangaze nini?"

"Pete. Na kosa letu, tuanze nalo."

Tusajigwe akamgeukia Mpatanishi. "Kuna jambo jingine unalolijua ambalo hatujakuuliza?"

"Yapo kumi na manne."

Profesa alivua koti, akavuta viti viwili.

"Haya," alisema. "La kwanza."