Maneno Aliyokaririshwa Seremala

Seremala alitengeneza kabati zuri, kisha akafunga bawaba upande usio wake. Mlango ukawa unafungukia ukutani. Haikuwa mara ya kwanza. Mteja alifoka mpaka wapita njia wakasimama.

Mke wake alikuwa pembeni akipiga vanishi. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira.

"Baba watoto, siku hizi akili unaiacha wapi?"

"Nilipima vizuri," alisema seremala. "Halafu ukaniita. Nikasahau."

"Basi kila kitu ni mimi!"

Zamani hakuwa hivyo. Alibadilika baada ya kuanguka kutoka juu ya paa na kugonga kichwa. Jeraha lilifunga, watu wakasema amepona. Lakini alisahau oda, alikasirika ovyo, na msumeno wa umeme aliuacha ukinguruma huku akipiga soga. Mtaani walishasema anakunywa. Maskini, pombe hajawahi hata kuionja.

Walipokwenda hospitali, daktari aliwaagiza wakapime kumbukumbu na fikra zake. Mke akasikia "kupima akili" tu, roho ikamruka. Mumewe akifeli huko, nani atampa kazi mwendawazimu?

Hapo ndipo alipoharibu. Wifi yake aliwahi kumpeleka mzazi wa mume wake kupimwa kumbukumbu katika hospitali hiyo hiyo.

"Wanasoma maneno, unayarudia," alisema wifi. "Nilikaa mlangoni nikayashika yote."

Mke naye akayashika. Akamkaririsha mumewe wakila, wakifagia, wakipiga msasa: ndoo, pilipili, dirisha, shangazi, msumari.

Siku ya kupimwa ikafika. Chumba kilikuwa na meza, viti, penseli na vibao vya rangi. Hakukuwa na sindano wala mashine. Mke alikaa kwenye benchi nje, sikio mlangoni.

"Nitakusomea maneno," alisema dada mpimaji. "Nikimaliza, nitajie unayoyakumbuka. Ndoo..."

"Pilipili, dirisha, shangazi, msumari!" alidakia seremala.

Mpimaji akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Fundi, hayo sijayasoma bado."

"Mama watoto kanifundisha," alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Mpimaji akamwita mke ndani. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mama, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Natafuta fikra zake zimeumia wapi na ni nzima wapi. Maswali huanza mepesi, yakawa magumu mpaka mtu akwame. Kila mtu hukwama mahali. Ukimpa majibu, nitakuwa napima bidii yako, si ubongo wake."

"Sasa tufanyeje, dada?"

"Nina maswali mengine, lakini foleni ni ndefu. Mrudi mwezi ujao. Mpaka siku hiyo, asiguse msumeno wa umeme. Nawaomba sana."

Mke akaitikia. Lakini majirani walipomuuliza, ulimi ukamponza.

"Kafaulu vizuri tu!"

Baada ya kusema hivyo, angemzuiaje mumewe mbele za watu? Ikaja oda ya madawati. Seremala akawasha msumeno. Mtu akapita akamsalimia, naye akageuka kuitikia.

Vidole viwili vilikwenda. Na wale wale waliompongeza ndio waliosema, "Kalewa tena huyo."

Waliporudi hospitalini, mkono ulikuwa bado na bandeji. Safari hii walifuata maelezo ya mpimaji. Seremala alilala vya kutosha, akala, akachukua miwani yake na dawa anazotumia. Mpimaji alianza kwa kuzungumza nao wote wawili. Alikuwaje kabla ya kuanguka? Nini kimebadilika? Mke alieleza yote, hata uongo wake kwa majirani.

Kisha seremala akabaki na mpimaji. Alipanga vibao, alinakili mchoro, alisikiliza hadithi fupi akaisimulia. Mengine yalimchekesha. Mengine yalimkera nusura achane karatasi. Akichoka, walipumzika. "Sijui," alisema mara nyingi, na hakuna aliyemnong'oneza jibu. Alitoka mchana amechoka kama aliyebeba mbao kutwa.

Siku ya majibu, mpimaji aliwaeleza polepole.

"Fundi, ujuzi wako wa kazi na jicho lako la kupimia ni vizima. Kinachokushinda ni kufanya mambo mawili kwa pamoja, na kukumbuka jambo jipya. Si ulevi, si wazimu, si uzembe. Ni kile kichwa ulichogonga."

Mke aliinamisha uso. Neno "uzembe" alikuwa amelitumia kila siku.

Nyumbani mambo yalibadilika. Mbao sasa hupasuliwa kwa fundi mwingine. Seremala hufanya kazi moja mpaka iishe. Mahali pa bawaba huwekwa alama ya chaki mapema. Na sheria kubwa ni hii: akishika kifaa, hakuna kumsemesha.

Kabati lililofuata lilifunguka upande wake. Mteja alilifungua, akalifunga, akaondoka nalo ameridhika.

Mke alimsogelea mumewe.

"Nisamehe, baba watoto. Niliogopa watu."

Seremala aliutazama mkono wake.

"Ungeniacha tu nikosee siku ile," alisema. "Ningekosea kwenye karatasi."

Akaokota patasi kwa vidole vilivyobaki. Mke alikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini mumewe alishashika kifaa. Mke akanyamaza.